Chapati Kwenye Keria Yangu

Jumanne, Wote

Tangu tuanze safari yetu ya baiskeli kule Nuu, ndugu zangu wananingoja juu ya kila kilima, lakini nikifika tu, wao wameshapumzika, wanapanda baiskeli na kuondoka. Naogopa sana kuachwa peke yangu barabarani. Leo asubuhi nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani kwa matatu.

Kabla sijasema, kaka Muthui akafunga chapati zetu zote kwenye keria, nyuma ya kiti cha baiskeli yangu. Nilikasirika. Mzigo kwa anayebaki nyuma?

"Sasa tukikuacha, tutakula nini?" akasema.

Mdogo wetu Mwende akacheka. "Usizimalize njiani, karani wa chapati!"

Saa saba walirudi mteremko mzima kunitafuta, wakiwa na njaa.

Kesho tunaelekea Kambu. Nimewaambia nitabeba na ndizi pia.