Nguo ya Mashine ya Pumzi

Nyumbani,
nyuma ya karakana.
Jumapili asubuhi, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na wapwa zangu wanaokua bila ruhusa yangu. Mguu je? Uliniambia umetegua kifundo ukishuka ngazi, ukacheka, nami nakujua, wewe hucheka panapouma. Endelea kuukanda hata ukiona umepona. Shemeji mwambie kile kiti nilichomwahidi kipo, ila kwa sasa kipo kichwani mwangu tu.

Huku sisi hatujambo. Mama macho yanamsumbua kidogo, ila ulimi haujadhurika hata kidogo. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Wifi yako naye mzima, na kama kawaida yake ataongeza mistari yake mwishoni, nimemwachia nafasi.

Najua unaruka mistari unatafuta habari ya mashine. Basi tulia, siirudishi. Yale niliyokwambia kwenye simu, kwamba uitafutie mtu mwingine wa kuitumia, nayafuta. Ulikata simu, nami nikashinda karakanani nikipiga randa ubao uliokuwa umeshanyooka. Nilijua unamfikiria baba, alivyolala mzima na asubuhi hakuamka. Alikuwa anakoroma kama mimi ninavyokoroma. Mlinibandika jina la Honi nikiwa mdogo, tukacheka miaka yote, lakini kusema kweli siku hizi lilikuwa halinichekeshi. Nilikuwa naogopa, Kijiti.

Usidhani nilikuwa nadharau zawadi yako. Unajua nilipotoka. Nilikuwa nasinzia mchana kweupe, nimesimama, mbele ya msumeno wa umeme, mpaka siku ile mwenzangu wa kupaka vanishi aliponivuta kwa ukosi wa shati. Kliniki wakanilaza, wakanifunga nyaya, wakasema pumzi inanikatika usingizini. Ukaleta mashine. Siku za mwanzo niliamka kichwa chepesi, nikawa napima mbao mara moja tu na kukata.

Halafu likaja joto. Hewa inayotoka kwenye barakoa ikawa ya moto, kama mtu amenifunulia sufuria usoni. Nikivumilia kidogo natoka jasho, naivua naitupa pembeni. Na nikiivua ndiyo tumerudi kule kule. Wifi yako akarudi kwenye zamu yake ya zamani, anakaa macho kunisikiliza, pumzi ikikwama ananipa kiwiko cha mbavu. Asubuhi tunaamka wote wawili tumechoka, hatusemezani vizuri, kila mtu anamlaumu mwenzake kwa chai isiyo na sukari.

Usiseme sikuhangaika. Mashine ina kikasha cha maji kinachopasha hewa ili koo lisikauke. Nikapunguza joto lake, nikapata nafuu ya siku mbili tatu. Nikafungua chujio la hewa, nikakuta vumbi la mbao limeganda humo, na hilo nalikubali ni langu, nilikuwa naingia chumbani na nguo za kazi. Nikaweka jipya. Hewa ikawa inatoka kwa nguvu zaidi, ila ni ile ile ya moto. Nikafungua madirisha, nikaleta feni. Nikampigia nesi wa kliniki.

Nesi akauliza, "Umeiweka wapi?"

"Mezani, ubavuni mwa kitanda."

"Jua linaipiga?"

"Haliipigi."

"Imebanwa na ukuta? Kuna kitu chochote juu yake?"

"Hakuna kitu."

Kijiti, sikumdanganya yule mama. Nilijibu hivyo kwa moyo mweupe, na ndiyo siku niliyokata tamaa nikakupigia wewe.

Sasa, wewe unamjua wifi yako na uzi wake. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, friji lina chake, redio iliyokufa zamani ina chake kama sanda ya marehemu. Mtungi wa gesi una sketi yenye rinda. Mimi mwenyewe huwa sikai sehemu moja muda mrefu, naogopa kufumiwa. Kwa hiyo mashine yako ilipofika, haikumaliza hata wiki mbili ikapata nguo yake, nyeupe yenye ukingo wa bluu, ya uzi mzito, inayofika mpaka mezani pande zote, mbele ikaachiwa kidirisha cha kusomea namba. Bomba la hewa nalo likavishwa mkono wa sweta langu la zamani. Katika nyumba hii kitambaa hakihesabiwi kuwa kitu. Ukiniuliza juu ya friji kuna nini, nitakwambia hakuna kitu.

Aliyetuokoa ni mama. Alikuja chumbani kumtazama "mgeni," ndivyo anavyoiita mashine, na kikombe cha chai mkononi. Kwa macho yake yale akamwagia mgeni chai yote. Mashine haikudhurika, wifi yako aliikinga upesi, ila nguo ikaenda kufuliwa, na siku ile mawingu yalifunga, haikukauka. Asubuhi niliamka barakoa ingali usoni. Nikadhani mashine imejirekebisha yenyewe. Nguo ikakauka, ikapigwa pasi, ikarudishwa, na moto nao ukarudi.

Hapo ndipo akili yangu ya fundi ilipoamka, kwa kuchelewa. Nikafunua kile kitambaa nikaweka kiganja nyuma ya mashine, pale inapovutia hewa. Pamepata moto kama pasi. Ilikuwa inavuta joto lake yenyewe, inalizungusha humo ndani ya nguo, kisha inanipulizia mimi. Mashine ya kunisaidia kupumua ilikuwa yenyewe haipumui. Nilitaka kucheka kwa sauti, lakini nikakumbuka nitakwenda kumwambia nani.

Nilimwambia wifi yako taratibu, nikamwekea mkono wake pale pale. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kitambaa," nikamwambia.

"Kitambaa kimejifuma?"

Nikasema basi, tutakiweka sebuleni, kitapata kazi nyingine. Akakaa kitandani amekipakata. Nikadhani ni kiburi cha kazi yake, maana hata mimi mtu akisema meza yangu inayumba sili chakula. Ndipo akaniambia ninachotaka ukijue, kwa sababu mimi sikukijua. Kitambaa kile alikianza kabla mashine haijafika. Alikuwa anafuma ili asipitiwe na usingizi, huku ananisikiliza. Uzi ulikuwa wa kumsaidia kukesha tu, hakujua ni nguo ya nini, na mashine ilipokuja akaona ndiyo mwenye nguo hiyo. "Kila nikisikia unapumua, natia tundu jingine," akasema.

Nimekihesabu, au nilijaribu. Kina matundu mengi sana, Kijiti. Niliacha nikatoka nje.

Hakikuenda sebuleni. Nilitengeneza kimeza kipya cha mbao, kirefu kidogo, nikakiweka mbali na ukuta, kitambaa kikatandazwa hapo, mashine ikakaa juu yake ikiwa wazi pande zote. Mkono wa sweta nimeuvua, tutaurudisha miezi ya baridi, mvuke ukianza kugeuka maji bombani, na nesi amesema ni sawa. Huyo nesi nilipomweleza alicheka mpaka nikampa simu wifi yako wachekeane wenyewe. Naambiwa sasa kila mgonjwa akilalamika joto, swali lake la kwanza ni, "Imevaa?"

Hewa inakuja ya kawaida, naivaa mpaka asubuhi. Mwenzangu karakanani amelalamika kwamba sasa namsimamia sana, alizoea bosi anayesinzia. Asante, mdogo wangu. Na nisamehe kwa ile simu.

Nisalimie shemeji, na wapwa wote, hasa yule wa mwisho anayeuliza maswali. Mama anakuombea, amesema nisisahau kuandika, afya yako iwe njema na mlango wako usikose mtu wa kuufungua kwa furaha. Nami nasema amina, na uje utuone.

Ile nafasi ya wifi yako imebaki tupu hapa chini, usimfikirie vibaya. Nimeingia kumpa kalamu nikamkuta amelala. Jua limeshajaa chumbani, watoto wanapiga kelele uani, wala hajui. Tangu nimuoe sijawahi kumtangulia kuamka. Nimesimama mlangoni kwa muda, nikimsikiliza anavyopumua.

Anakoroma, Kijiti. Sitamwamsha.

Ni mimi kaka yako akupendaye, siku hizi kimya,

Honi