Alama Niliyoipiga Kabla ya Siku Saba

Ibra, Oman
Jumamosi, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana wewe mwenyewe hutolitaja hata ukiulizwa. Limepoa, au bado unashuka ngazi kwa ubavu? Na macho je? Mama kanambia siku hizi unamwita ndugu yangu Haji akutungie uzi kwenye sindano. Sikucheka, wallahi. Sisi huku wazima. Shangazi Zuwena mzima, anakusalimu sana, na anasema ndugu yake kwa umri huu hafai kushinda juu ya kigoda kutwa nzima. Nimemwambia aje akwambie mwenyewe, mimi siwezi.

Barua hii anakuletea jirani yetu anayekuja Unguja kuwaona wazee wake. Anacho na kifurushi. Tafadhali Baba, usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho. Ningeweza kupiga simu, lakini simu Mama huiweka kwa sauti ya juu, mtaa mzima wa Mwembetanga ukasikia, na haya ni baina yangu na wewe.

Nianze na kosa, nisije nikalizunguka. Ule muhuri wa zamani, wa chuma, wa kupigia alama kwenye ngozi, wenye nukta tatu na kimstari, ulioutafuta mwezi mzima nilipoondoka, ukapindua makasha yote, ukamshutumu Haji kwamba kaupoteza kwa uzembe wake: niliuchukua mimi. Niliufunga ndani ya leso nikautia sandukuni. Nilijidanganya kwamba nachukua ukumbusho. Ukumbusho gani! Nilitaka alama yako ikae kwenye kazi yangu, basi. Miaka kumi na mbili nimekaa kigoda cha pili nakushonea viatu vya makubadhi, na hata siku moja hukunipa nyundo ukasema, "Raya, piga." Haji, ambaye mpaka leo hajui kutofautisha ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe, ulimpa. Nilikasirika Baba, na haki ya kukasirika nilikuwa nayo. Ya kuiba sikuwa nayo.

Sasa sikiliza nilivyoutumia.

Unajua nafanya kazi karakana ya Muallim Saif. Tunashona hatamu za ngamia, na zaidi mikanda ya kuchomekea jambia, kisu kilichopinda, ile wanayovaa wanaume wa huku juu ya kanzu siku za harusi na sikukuu. Mimi ni mwanamke peke yangu, nina chumba changu cha nyuma na dirisha langu, na hakuna anayenisumbua. Muallim Saif ni mtu wa maneno machache. Mama yake kazaliwa Pemba, basi akiridhika na mshono husema "haya" kwa Kiswahili, na asiporidhika husema kwa Kiarabu, kirefu.

Mwaka huu akanijia Thuraya, mjukuu wa Shangazi Zuwena. Huyu ni muhandisi wa maji, msichana mrefu, mcheshi, na mchezo wake ni kulenga shabaha kwa bastola. Usishtuke. Ni mashindano, yana waamuzi na sheria, na bastola zenyewe hazitoki kiwanjani ila kwa kibali. Mchezaji husimama bastola ikiwa kiunoni, ndani ya ala yake. Ikilia kengele anaichomoa, anakimbia, anapiga shabaha moja baada ya moja. Wanawake wapo, na wana pahala pao kwenye timu ya Oman. Thuraya alikuwa anataka pahala hapo kama mtu anavyotaka maji. Mashindano ya kuchagua yalikuwa mawili, na huhisabiwa lile alilofanya vizuri zaidi.

"Raya," akanambia kwa Kiswahili chake cha huku, "mimi nataka mkanda moja mzuri, na hii ala ya bastola, kazi ya mkono. Hizi za plastiki zinaniumiza hapa." Akajishika ubavu. Akaniletea bastola ya mti, ya kupimia, sawasawa na yake, maana ya kweli haiingii karakana. Akaniletea na karatasi za sheria, za Kiarabu, kurasa nyingi.

Baba, kurasa zile nilizisoma nusu. Nilisoma kwamba chuma cha kufyatulia lazima kifunikwe chote, nikakifunika. Nilisoma kwamba kishikio kisishuke chini ya ukingo wa mkanda, nikakinyanyua. Hapo nikaona nshajua. Mimi ni binti wa fundi, nani atanifundisha mkanda? Nikashona wiki tatu. Ngozi ya ng'ombe nzito, uzi wa nta, mshono wako ule wa kurudi nyuma mara mbili. Muallim Saif aliushika, akaugeuza, akasema "haya" mara mbili. Mara mbili Baba! Nikaingia chumbani kwangu, nikautoa muhuri kwenye leso, nikaupiga nyuma ya ala siku ile ile, na nta haijakauka.

Najua unavyosema. Kiatu hakipigwi alama siku kinapokwisha. Mteja akivae siku saba, akitie vumbi na jasho, akirejeshe, ukitazame kilipovutika na kilipokaza, ndipo nyundo. Wateja wakilalamika kwamba unawasumbua, na wewe ukiwajibu kwamba mwenye haraka aende akanunue dukani. Nimeyasikia hayo kila wiki ya maisha yangu, na siku ilipokuwa zamu yangu sikungoja hata saa moja.

Tukaenda kwenye mashindano, nje ya Nizwa, kiwanja kiko upande wa Tanuf chini ya mlima. Mimi, Thuraya na Shangazi Zuwena, ambaye hakualikwa lakini kwenye gari aliingia wa kwanza. Kabla ya kupiga hata risasi moja, kuna meza ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, ana kijiti cha kupimia mkononi. Akamwambia Thuraya asimame wima, alegeze mwili. Akatafuta mfupa wa nyonga kwa kidole, akasimamisha kijiti pale. Ala yangu ilikuwa mbele ya kijiti kwa vidole viwili.

"Katika daraja lako, kila kilichomo mkandani kikae nyuma ya mfupa huu," akasema. Kisha akainua kidogo ukingo wa mkanda. "Na mkanda wenyewe umefungwa juu ya nguo. Sheria inataka upite kwenye vitanzi vya suruali, visipungue vitatu."

Nilijua palepale nilichofanya. Nilishona mkanda wa jambia! Jambia hukaa mbele, kwenye kitovu, watu walione, na mkanda wake hufungwa juu ya kanzu. Karakana nzima tunapima kuanzia kitovuni kwenda ubavuni, na mkono wangu ukapima hivyo hivyo bila ya kuniuliza. Mtu wa pahala pengine asingekosea hivi. Sisi tu.

Hawakumfukuza. Walimhamisha kwenye daraja la wazi, pamoja na wenye bastola za darubini na vifaa vya kila namna, na pointi zake za siku ile zisihisabiwe kwenye timu. Akapiga vizuri, maskini, na haikumfaa kitu. Kabla ya hapo mkaguzi alikuwa ameigeuza ala, akaona nukta tatu na kimstari. Akaniuliza, "Hii ni alama ya nani?"

Nikamjibu, "Ya baba yangu."

Akatikisa kichwa kwa upole, akaandika kwenye fomu yake kwamba kifaa kimekataliwa. Baba, alama yako haijawahi kukataliwa na mtu. Imekataliwa Nizwa, mbele ya watu, kwa kiburi changu. Heri angenitukana.

Tulikuwa njiani kurudi, tumeshaipita Sinaw. Thuraya akasema, macho barabarani, "Khalas Raya, mimi nitavaa plastiki."

"Huvai plastiki," nikamwambia. "Nipe wiki tano."

"Na ukikosea tena?"

"Nikikosea tena mkanda nitaula, na wewe utanitilia chumvi."

Shangazi Zuwena akacheka kule nyuma mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa sichezi.

Usiku sikulia, nakwambia kweli, nililia asubuhi yake, nikanawa uso, nikakaa na zile karatasi. Safari hii nilisoma kila mstari. Nisipofahamu neno nilimfuata Muallim Saif, na akichoka nilingoja apumzike nikamfuata tena. Nikamsimamisha Thuraya kila jioni, nikamtia chaki kwenye mfupa wa nyonga, nikapima kuanzia hapo kwenda nyuma. Niliipiga marufuku nafsi yangu kugusa kitovu. Ala ya pili ikakaa nyuma ya mfupa kwa kidole kizima, imelala karibu na mwili, mdomo wa bastola umeelekea chini, mkono unaifikia bila kupinda bega.

Ikabaki suruali. Thuraya havai shati fupi mbele ya watu. Shati lake hufika magotini, na hilo halina mjadala. Vitanzi viko chini ya shati, mkanda uko juu ya shati ili bastola ichomoke, utavipitaje? Nilikaa siku nne na shati lile mapajani. Nikajaribu kuchana pembeni, likawa baya na mkanda ukakunjamana. Nikaanza kuona plastiki ndiyo itakayovaliwa.

Shangazi Zuwena akanitazama akasema, "We mwana, unashona nini humo, jahazi? Hebu lete." Akalishika shati. "Hivyo vitanzi si vitano? Basi toboa matobo matano, vitokeze nje, upitishe mkanda wako. Kofia ina matobo mangapi? Mbona haichaniki?"

Ebo! Bibi wa miaka themanini, kazi yake ya ujana kushona kofia za vitobo pale Malindi kwetu, na mimi fundi nimekaa siku nne! Akavaa miwani yake, akatoboa matobo matano kiunoni, akayazungushia uzi wa hariri mmoja mmoja, madogo, magumu, kama ya kofia ya bwana harusi. Vitanzi vya suruali vikachungulia nje, kimoja kimoja. Mkanda ukapita kwenye vyote vitano, ukakaa kimya.

Mashindano ya pili yalikuwa pale pale, meza ile ile, mkaguzi yule yule. Aliponiona alitabasamu kidogo, na mimi sikuweza. Akasimamisha kijiti. Akapima ala inavyoachana na mwili. Akavuta mkanda. Halafu akaviona vitanzi vinatokeza kwenye matobo, akainama, akavihisabu kwa kidole, akamwita mwamuzi mkuu. Wakafungua kitabu, wakasoma, wakazungumza. Shangazi Zuwena alikuwa anasoma dua kwa sauti, nikamkanyaga mguu.

Mwamuzi mkuu akafunga kitabu. "Sheria inasema upite kwenye vitanzi vya suruali. Umepita. Tamam."

Thuraya kawa wa tatu katika wanawake, na timu inachukua wanne. Alinikumbatia nikabanwa mbavu, na Shangazi akampigia kigelegele kiwanjani pale, waamuzi wote wakageuka. Tangu siku hiyo wamekuja wachezaji wawili wengine wananitaka niwashonee. Muallim Saif anataka nipige alama ya karakana, ijulikane kazi yetu. Nimekataa. Nimemwambia aningoje. Hakusema "haya", kasema Kiarabu, lakini kangoja.

Sasa fungua kifurushi.

Ala iliyomo ni ile ya kwanza, iliyokataliwa. Alama yako iko nyuma, sikuifuta. Mahali ilipokaa nimekosea na nimekiri. Lakini mshono, Baba, utazame mshono. Usiutazame kwa jicho la baba, na usiutazame kwa hasira ya muhuri. Vaa miwani, uvute kwa koleo kama unavyovuta kazi ya mtu usiyemjua.

Na ndani ya ala, kwenye leso, umo muhuri wako. Nimeurejesha.

Ala ya pili ni ya Thuraya. Kaivaa siku saba, kwa vumbi na jua la kiwanjani, kanirejeshea jana, nikaitazama ilipovutika na ilipokaza. Imekaa. Pahala pa alama nimepaacha wazi. Ukiona mshono ule ni mshono wa nyumba yako, niletee muhuri kwa mkono wa jirani huyu, anarudi baada ya mwezi. Ukiona bado, kaa nao, sitanuna. Nitashona nyengine nikuletee. Na nyengine. Mpaka droo yako ijae ala, wewe huna hata bastola.

Nisalimie Mama, umwambie kanga alizoniletea nimezivaa zote. Wifi yangu, mke wa Haji, mwambie jina la mtoto nimelipenda. Bibi wa nyumba ya pili, aliyenifundisha Kurani, mbusu mkono kwa niaba yangu. Na Haji mwite akae karibu yako, umsomee ile sehemu ya muhuri kwa sauti, asikie kwamba hakuupoteza yeye. Umwombe radhi, na mimi namwomba. Kisha akutungie sindano.

Ni mimi mwanao, ambaye bado hana alama,

Raya