Kopo la Vitamini Nililompa Koku

Buhongwa, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na migomba ya nyuma ya nyumba imesimama baada ya ule upepo? Mimi mwanao Deus ni mzima, nimenenepa, na hapa Buhongwa ukimuulizia Daktari wa duka la vipodozi, hata mbuzi watakuelekeza. Wanawake wa Sengerema wanavuka maji kuja niwachagulie losheni. Nimefika Kampala mara mbili, Mama. Hili darasa la saba langu watu wanadhani ni chuo.

Sasa kaa chini. Ni habari ya Koku.

Unajua mdogo wangu alikuja kwangu na cherehani yake na chunusi zake. Mimi nilimwita Barabara ya Vumbi, yeye akaniita Daktari wa Mbuzi, tukacheka. Ila wateja walinicheka mimi: "Daktari, mbona wa nyumbani kwako hujamponya?" Mwisho akaenda hospitali kwa daktari wa ngozi, yule wa kweli, akapewa vidonge vikali vya chunusi. Akaonywa asishike mimba, na asimeze vitamini yoyote bila kuuliza.

Chunusi zikakauka. Midomo nayo ikapasuka, akawa hawezi kucheka bila kutoka damu. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ujuzi. Nikatoa dukani kopo la vitamini lenye E kubwa ya dhahabu.

"Meza mbili kila siku. E inalainisha."

"Daktari alisema niulize kwanza."

"Si umeniuliza mimi?"

Akameza, Mama.

Kichwa kikaanza kumuuma. Tukarudi hospitali. Daktari akauliza, "Unatumia kitu kingine chochote?" Koku akanitazama. Nikawahi kujibu: "Hakuna, daktari. Ni dawa yako tu." Niliogopa kuchekwa. Akamwachisha vile vidonge, akasema kichwa kisipopoa kwa siku mbili arudi mbio. Hakikupoa. Nikamwambia avumilie, nikampandisha E zikawa tatu, eti zisafishe ile dawa.

Siku moja akanipa sindano nimtungie uzi. "Kaka, matundu ni mawili." Nikamwambia achague moja. Nilicheka peke yangu.

Alipomimina chai pembeni ya kikombe, nikapeleka kopo kwa dada mfamasia, jirani wa duka. Akavaa miwani.

"Hii si E tupu. Soma hapa chini, maandishi madogo. Kuna A, tena nyingi. Vidonge vyake vya chunusi ni ukoo mmoja na A. Wewe umejazia juu ya iliyojaa."

"Na E yenyewe?"

"Wengine wanasema inapunguza ukavu, wengine wanasema haisaidii kitu. Ndiyo maana watu huuliza, Daktari."

Hospitali wanasema presha ya kichwani imebana mishipa ya macho. La kulia limezima. La kushoto linaona kivuli cha mtu, uso halioni. Hayatarudi.

Koku anamlaani yule daktari asubuhi na jioni: "Ameniua macho!" Nami namwitikia. Nimemtukana yule mzee wa watu mpaka sauti ikakauka. Kopo nimelitupa ziwani.

Anapanda meli Ijumaa, mama mdogo anamsindikiza. Mimi nimesema kazi imenibana. Uongo. Barua hii anakuletea mwenyewe, ameifunga kwenye pindo la kanga. Ameniuliza nimeandika nini, nikasema salamu. Basi ziwepo: nisalimie baba mkubwa na kahawa yake, bibi asiyesikia, na shemeji wa kwaya.

Nilitaka kukuomba mwanzoni kabisa usome kimya. Lakini wewe kusoma umejifunza ukubwani, kidole kwenye mstari na sauti mpaka kwa jirani, naye Koku atakuwa amekaa ubavuni pako. Nikaacha kukuomba. Mdomoni ilinishinda, Mama, nimeazima wako.

Koku, mdogo wangu, yule daktari mwache. Zile laana zote zilete Buhongwa.

Deus