Mkamuaji Niliyemfundisha Mwenyewe

Jumatatu, 1 Julai
Baridi kali. Yasinta amemaliza kukamua kabla sijanywa chai. Ng'ombe wote wanne wametulia. Alipokuja kwangu kutoka Yaeda Chini hakujua hata kukanda kiwele kwa maji ya moto. Nimemfundisha mimi. Sasa watu wa hapa Tlawi wakipita wanamsifu yeye. Mimi hakuna anayenitaja.

Jumatano, 3 Julai
Jirani yangu, Mama Bura, amenunua ng'ombe wa maziwa. Mchana nimemkuta kwenye uzio na Yasinta, wanacheka. Kwangu Yasinta hacheki. Nilimuuliza walikuwa wanaongea nini.
"Ameniuliza kama napata siku ya kupumzika, mama."
Hapati. Mama Bura atampa, najua. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 5 Julai
Nimemwambia Mama Bura kwamba Yasinta ananiibia maziwa. Uongo. Alikuwa anamsifu, nikashindwa kuvumilia. Uso wake ulibadilika. Nikafurahi.

Jumapili, 7 Julai
Habari imefika kanisani. Wanawake wamemkwepa Yasinta waziwazi. Mchana akasimama mlangoni kwangu.
"Mama, mimi ni mwizi?"
Nikaendelea kuchambua mchele.
"Nimekukosea nini?"
Akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaondoka. Gambuti za zizini nilizompa ameziacha. Ameziosha kwanza.

Jumanne, 9 Julai
Nakamua mwenyewe. Vidole vinauma. Ng'ombe mkubwa amenipiga teke, ndoo nzima imemwagika. Yasinta yuko kwa dada yake hapa hapa Tlawi. Anatafuta kazi, kila nyumba wanamkataa. Nilitaka tu asiende kwa Mama Bura. Sasa hana pa kwenda kabisa.

Alhamisi, 11 Julai
Jumuiya yetu ya kanisa imesali nyumbani kwa Mama Bura. Kabla ya wimbo wa mwisho nikasimama.
"Yasinta hajaniibia kitu. Nilimsingizia kwa wivu."
Mama Bura aliangalia chini. Nimerudi nyumbani peke yangu.

Jumatatu, 15 Julai
Yasinta ameanza kazi kwa Mama Bura. Kutoka zizini kwangu namwona. Anakanda kiwele vile vile nilivyomfundisha. Nilidhani nikisema ukweli wivu utaisha. Uko pale pale.

Jumamosi, 20 Julai
Nimepata mkamuaji, Paulina, mjane kutoka Dongobesh. Mikono yake ina baridi, ng'ombe wanaruka. Nimekaa naye, nikamwonyesha taratibu. Nimemwambia Jumapili ni yake. Alidhani namtania.

Jumapili, 28 Julai
Paulina amepumzika. Nimekamua mimi. Yasinta amepita njiani na mzigo wa majani kichwani.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Hujambo?"
"Sijambo."
Hakusimama. Nimechuja maziwa, nikawapa ng'ombe maji.