Taa Zilizobaki Chini ya Kitanda

Otmari, mwenzangu,

Gari lako linatembea. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ndilo ungeuliza kwanza, halafu ndipo ukumbuke kwamba una mke. Mama Felista hajambo. Amekonda, lakini sasa anakula, na juzi nilimsikia akimfokea mbuzi kwa ile sauti yake ya zamani. Anayeendesha ni mdogo wako Ewaldi. Anakanyaga klachi kama anaua nge, ila watu wa Mofu wanafika Ifakara na mpunga wao unafika.

Ninayotaka kukuandikia ni habari ya taa. Sijamwambia mtu yote niliyoyaona. Nakwambia wewe kwa sababu hata ukinicheka sitasikia.

Unakumbuka ulivyoshuka na lile boksi kutoka Dar, umelipakata kama mtoto mchanga? Taa tano za rangi ya chungwa, za kufunga juu ya kabini kama za malori ya masafa. Nikakwambia taa hizi ni za kuonyesha kimo cha lori, wewe na pikapu yako hiyo kimo mnakitoa wapi? Ukasema, "Kimo cha nini, bwana! Nataka akina mama wa Mofu wakiniona kwa mbali wajue ni mimi, wafunge magunia." Nilitaka kuzifunga siku ileile. Ukakataa. Ukasema tusubiri watu wavune, wasije wakasema Otmari anaringa wakati wenzake wana njaa. Boksi likaingia chini ya kitanda na selotepu yake ya dukani, halijafunguliwa.

Mpunga ulikuwa haujaanza kuinama, homa ikakuchukua. Siku zile ulipokuwa hujiwezi ulinishika mkono, nikadhani utaniusia watoto. Ukasema, "Usiniangushe kwenye zile taa." Nilikasirika, Otmari. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, kwa sababu nilijua umekwisha na bado unaniachia kazi.

Tulikuzika vizuri. Siku ya kuondoa tanga ndugu zako walikaa kwenye mikeka, mjomba wako akagawa vitu. Baiskeli, koti, redio, majembe. Kila kitu kilitajwa, kikashikwa, kikapata mwenyewe, kama desturi yenu ilivyo. Gari akapewa Ewaldi. Boksi halikutajwa. Mkeo mfiwa alikuwa akilala chini chumba cha mbele, na chumba chenu kilikuwa kimefungwa tangu ulipotolewa. Mimi si wa ukoo, nilikuwa nje na wapishi.

Halafu mvua kubwa za masika zikaja, mbuga ikajaa maji, na taa zikaanza kuonekana.

Wa kwanza kuniambia alikuwa Mzee Masanja, yule Msukuma mwenye ng'ombe upande wa Mofu. Alikuja kibandani kwangu na kofia yake ya pama, nikampa shikamoo. "Marahaba, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Hili gari la marehemu siku hizi linapita njia gani? Mbona linapita majini?" Nikamwambia gari limelala nyumbani siku ya tatu, linangoja springi. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameziona wakati wa magharibi, ukungu unapoanza kunyanyuka: taa za chungwa, ziko juu, zimepangana, zinakuja polepole kwenye ile njia ya zamani inayokatiza mbuga, ambayo masika maji yake yanamfikia mtu kifuani. Taa nne. Mbili huku, mbili huku, katikati pengo kama la mtu aliyeng'oka jino. Hakusikia injini. Zilikuja zikasimama, kama ulivyokuwa ukisimama kungoja abiria wapande.

Nikasema ni karabai za wavuvi. Mzee akaniangalia kwa huruma. "Karabai ni nyeupe," akasema. "Na mvuvi hawezi kuitundika juu ya kichwa chake akaenda nayo."

Mimi ni mtu wa waya. Kinachowaka kina chanzo, na chanzo kikikatika kinazima. Ndiyo dini yangu ya pili baada ya ile ya padri. Kwa hiyo nilimdharau Mzee Masanja, nikawadharau na akina mama wawili waliokuja na maneno yaleyale. Mpaka ikawa zamu ya Leokadia.

Leokadia unamjua, yule muuza vitumbua. Alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, anangoja usafiri wa kumleta hospitali Ifakara. Giza lilikuwa linaingia. Akaziona, akapunga mkono, taa zikasimama. Basi akazifuata. Maji magotini, maji kiunoni, mtoto analia, yeye anaita, "Nisubiri, naja!" Wenzake ndio waliomvuta kwa khanga. Kesho yake Ewaldi aliwaleta yeye na mtoto, nikamuuliza alikuwa na akili gani. Akanijibu kwa upole kabisa: "Alikuwa ananisubiri. Otmari hamwachi mtu njiani."

Neno hilo lilinitia baridi. Ni kweli, hukuwahi kumwacha mtu njiani. Na sasa wema wako huohuo ungemzamisha mama na mwanawe, na baada yake mwingine, maana Mofu nzima wanakuamini kuliko wanavyoyaogopa maji.

Nikaenda moja kwa moja kwa mkeo. Nikamuuliza, zile taa alipewa nani? Mama Felista akaweka mkono mdomoni. Akafungua chumba, akainama chini ya kitanda: boksi lilikuwa palepale, halikupewa mtu.

Shangazi yako akaletwa kutoka Michenga. Hakupandisha sauti. "Mmegawa gari, hamkugawa taa," akasema. "Kitu kisichopewa mtu bado ni cha marehemu, na mwenye kitu hakatazwi kukitumia." Mikeka ikatandikwa upya. Ewaldi alisihi boksi likatupwe mtoni. Alisema nikizifunga zile taa nitakuwa nimekupandisha garini, na yeye hataendesha akiwa na maiti juu ya kichwa chake. Shangazi akamwacha amalize. Halafu akaliweka boksi mapajani mwangu, mimi ambaye si wa ukoo. "Aliyeachiwa kazi ndiye aliyeachiwa kitu," akasema. Akanyunyiza maji ya unga kwenye boneti, akakutaja jina.

Sasa sikia nilichokificha.

Selotepu ilikuwa nzima. Niliikata mwenyewe kwa wembe, asubuhi, uani kwako, watu wote wakiwa nyuma yangu. Unajua, nilishakuonyesha: balbu iliyowaka muda mrefu kioo chake kinaingia weusi kwa ndani, kama glasi ya taa ya chemli. Nilifungua taa ya kwanza, balbu nyeusi. Ya pili, nyeusi. Ndani ya plastiki zake kulikuwa na maji, na tope lile laini la mbugani, na kwenye moja ganda la mpunga. Nne zilikuwa hivyo. Ya tano ilikuwa safi, haijawahi kuona umeme.

Nilizifuta kwa kitambaa nikiwa nimewapa mgongo. Niliogopa, ndugu yangu. Lakini nilifanya kazi, kwa sababu kazi ndiyo pekee iliyokuwa haijageuka kuwa kitu kingine. Nilipima kutoka katikati ya paa kwenda pembeni, nikatoboa kwa keekee, nikapaka rangi kingo za matundu zisishike kutu, nikaweka mipira ili mvua isipite. Waya nikazishusha ndani ya nguzo ya mlango, zikapita kwenye fyuzi, swichi nikaiweka chini ya pale unapotundika rozari yako. Ile safi niliifunga katikati.

Jioni tulikwenda mpaka pale njia ya zamani inapozama. Ewaldi kwenye usukani, mimi pembeni, Mzee Masanja na watu wa Mofu wamesimama kandokando. Gari tukalielekeza majini. Ukungu ulikuwa umeshanyanyuka. Nikabonyeza swichi.

Zikawaka nne. Ya katikati haikuwaka. Nikapanda juu na testa: umeme unafika. Nikabadilisha balbu, giza. Nikaukaza upya waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, giza. Nilikuwa nimeinama hapo juu ya kabini, natukana kimoyomoyo, niliposikia watu wamenyamaza wote kwa pamoja.

Kule majini ilikuwepo taa moja. Ya chungwa, peke yake, kimo cha pikapu. Imetuelekea.

Hakuna aliyekimbia. Mzee Masanja alivua kofia. Nikasikia pumzi ya Ewaldi kule chini, halafu yule mdogo wako mwoga akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwake. Akazima taa, akawasha. Akazima, akawasha. Kama madereva wanavyosalimiana wakipishana.

Ile ya majini ikazima. Ikawaka. Ikazima, na haikuwaka tena.

Nililia huko juu ya paa mbele ya watu wote, na safari hii haikuwa kwa hasira. Nakukumbuka mno, Otmari. Hata kazi za watu wengine nazifanya nikisikia unavyonikosoa.

Tangu siku ile hakuna aliyeona kitu mbugani. Akina mama wa Mofu wakiona taa nne na pengo wanafunga magunia, kama ulivyotaka. Ya katikati bado haiwaki. Wateja wananicheka, wanasema fundi gani huyu, na mimi naendelea na waya zangu.

Kwa hiyo tuagane hivi. Ya katikati ni yako, na nakuahidi sitaigusa tena, wala sitamruhusu fundi mwingine aipandie. Na kila masika mbuga ikijaa, nitalipeleka gari pale njia inapozama, nizielekeze zile nne majini, ili aliye hai ajue nchi kavu iko wapi.

Wewe ukiziona, usizifuate. Ni Ewaldi anapeleka watu. Wewe umeshafika.