Nta kwenye kifuniko cha tangi

Maua, leo kaka Abasi ametamani ardhi ipasuke immeze.

Tulikuwa tunakwenda kumwombea baba makaburini, kwa gari lake kuukuu lisilo na paa. Likazimika hapo mtaani Isevya, waombolezaji wote wanatazama.

Abasi akamgeukia Mzee Nanji, rafiki wa baba mwenye kituo cha mafuta, aliyekuwa kati ya waombolezaji: "Umetuuzia petroli ya maji! Hata msibani?"

Hata msibani, Maua! Mbele za watu!

Mzee akalegeza kifuniko cha tangi. Fyuuu! Hewa ikaingia. Abasi akajaribu tena, injini ikanguruma.

"Petroli haishuki bila hewa. Nani kaziba tundu hili la kifuniko kwa nta?"

"Mimi," Abasi akanong'ona. "Nilizuia vumbi."

Mzee akafuta mikono. "Siku ya Uhuru baba yako alinizungusha mji mzima ndani ya hili. Naweza kupanda?"

Abasi akamfungulia mlango wa mbele.