Taa ya Suluhu Imenigeuka Sebuleni

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Naandika nikiwa peke yangu sebuleni chini ya balbu nne za kisasa ambazo hazina wa kummulika, naomba uniokoe kabla ndoa yangu haijavunjika, na tafadhali usinicheke, maana kazini wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni fundi taa wa ukumbi wa maigizo, mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi yangu siyo kupanda ngazi na kubadilisha balbu kama mama mkwe anavyodhani, bali nakaa nyuma ya watazamaji na kompyuta, ambamo kila badiliko la taa nimelihifadhi kama agizo lenye namba na jina, nikibonyeza kitufe kimoja taa arobaini zinajua ziwe rangi gani na kwa sekunde ngapi. Na kwa kuwa michezo ni mingi na muda ni mdogo, nilijitengenezea ghala la maagizo ya kutumia tena na tena, lipo la Kifo cha Ghafla, lipo la Mjumbe Analeta Habari Mbaya, na kila mchezo mpya unachota humo humo bila kunakili, yaani nikirekebisha agizo mama mara moja tu, kila mahali linapotumika panabadilika penyewe, jambo ambalo, bila kujisifu, mafundi wa kumbi nyingine wamekuja kulisomea.

Ninalolipenda kuliko yote ni namba kumi na nne, Suluhu. Weupe unashuka taratibu kwa sekunde nane, inaingia rangi ya asali, pembeni panafifia, zinabaki nyuso mbili, na hapo hata mwigizaji aliyesahau maneno anaonekana amesamehe.

Sasa mke wangu ni fundi cherehani, anashonea pale pale sebuleni, akikasirika hafichi, na mimi kuomba radhi siwezi, ulimi unakuwa mzito, kwa hiyo mwaka juzi niliweka nyumbani balbu zinazosikiliza kompyuta, pamoja na taa ya sakafuni kando ya kiti changu, nikaziunganisha na ghala lile lile, na kitufe nikakiweka kwenye simu, mfukoni. Akianza, "Hivi wewe bwana, ulisema unarudi saa ngapi?" mimi nabonyeza kumi na nne, nanyamaza, nahesabu hadi nane, na nakuapia Shangazi, sauti yake ilikuwa inashuka pamoja na taa mpaka anasema, "Haya, yaishe. Kanawe ule." Miaka miwili sikusema pole hata moja na nyumba ilikuwa shwari. Kasoro ilikuwa ndogo tu, kwamba baada ya hapo alirudi kwenye cherehani chini ya asali hiyo hiyo, na mara mbili akashona zipu nyeusi kwenye gauni la bluu iliyokolea, akasema macho yake yanazeeka, akaenda kupimwa. Nilimsindikiza.

Mwezi uliopita mwongozaji akaniambia, "Kwenye mchezo huu mume anaomba msamaha lakini anadanganya, nataka watu wamjue kabla mkewe hajamjua." Nikaichukua Suluhu, nikaacha sekunde zake nane, asali nikaigeuza kijani cha maji yaliyolala, na kutoka chini nikaongeza taa moja inayompa mtu macho ya mwizi. Badala ya kumtengenezea mwongo huyo agizo lake, nilibadilisha agizo mama, kosa ambalo hata fundi wa wiki ya kwanza halifanyi.

Jioni ya Jumapili iliyofuata nilikuwa na kesi nzito, nilisahau kumpokea mama mkwe stendi, akakaa na mizigo yake saa tatu nzima, na safari hii Shangazi nilijuta kweli kweli, nikafungua mdomo mbele yao wote wawili nikasema, "Nisameheni, nimekosa," ila kidole, kwa mazoea, kikabonyeza. Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. "Mbona huyu anageuka kijani?" Mke wangu akatazama balbu, akatazama mfuko wangu, akasema, "Toa mkono." Akasoma kwenye simu: Suluhu, limetumika nyumbani mara mia moja na tatu, na tarehe zake. Akauliza neno moja tu, "Na zipu?"

Akahamishia cherehani kwenye chumba cha wageni alimofikia mama yake, humu humu ndani, chenye balbu ya kawaida, ni wiki ya tatu sasa, na salamu zinanifikia kupitia kwa mama mkwe. Naogopa akizoea huko hatarudi. Naomba uniandikie maneno mazuri ya kuomba radhi, ya jumla jumla, yasiyotaja tukio lolote, ili niyahifadhi yanifae na siku nyingine. Pia unishauri, asali niirudishe ilivyokuwa, au niongeze uwaridi kidogo?

Fundi Taa

*

Marahaba, Fundi Taa.

Nilicheka, nisamehe. Nilipofika kwenye zipu nikaacha. Mwanamke mwenye macho mazima anakwenda kupimwa macho, na wewe unamsindikiza! Ukakaa naye kwenye benchi kusubiri majibu, dawa yenyewe ukiwa nayo mfukoni. Halafu unaniambia kasoro ilikuwa ndogo. Mkeo hakukasirishwa na kijani, baba. Alikasirika kwa sababu miaka miwili amekuwa akijitilia shaka nafsi yake, na wewe ulikuwa unajua.

Unaumia kwamba taa ilikutangaza mwongo siku pekee uliyosema kweli. Nakuhurumia, hiyo ni bahati mbaya. Lakini hiyo ni siku moja, na zile nyingine ni mia moja na mbili. Hesabu unaijua kuliko mimi.

Huna haja ya kuacha kazi wala kuchoma ghala lako. Mkeo naye ana paterni zake za karatasi, amezitundika msumarini, anazitumia mwaka nenda mwaka rudi na hakuna aibu. Ila mteja akiingia, anashika utepe anampima. Hata yule wa mwezi uliopita anampima tena. Wewe umemvalisha mwenzako suluhu moja mara mia na zaidi, na hukumpima hata siku moja ameumia wapi.

Kuhusu maneno ya jumla jumla, ninayo. Nina aya moja ya waume wakorofi, inaanza "Mwanangu, keti na mwenzio mzungumze," nimewapa mafundi bomba, walimu na daktari mmoja, miaka tisa haijachakaa. Wewe nilishakubandikia hapa juu. Nimeifuta kwa aibu.

Sasa nisikilize. Leo hii ng'oa balbu zote nne na ile ya sakafuni, weka za kawaida zenye swichi ukutani. Kazini mpe yule mwongo namba yake, Suluhu uirudishe ilivyokuwa, maana waigizaji hawajakukosea kitu. Kesho asubuhi, jua likishaingia ndani, mkabidhi mama mkwe simu yako, ataishika kwa furaha, kisha nenda kule anakoshonea mkeo. Usianze na stendi. Anza na zipu. Mwambie, "Macho yako ni mazima. Ni mimi." Ulimi ukiwa mzito, uache uwe mzito hivyo hivyo, anahitaji kuuona. Mama mkwe mwombe radhi yake peke yake, kwa zile saa tatu, wala usimpe nakala ya radhi ya binti yake.

Atanyamaza. Huenda ikapita dakika nane, huenda siku nane. Usihesabu. Na kama mtakaa humo mpaka jioni na chumba kikaanza kuingia giza, usinyanyuke kuwasha. Swichi mwachie yeye.